Kiambishi

Wanasema hapa palikuwa na uwanja wa ndege.
Wanasema kwa uhakika wa watu ambao hawakuwapo:
kijana wa bodaboda, muuza sukari guru,
na karani wa ardhi aliyenitazama juu ya miwani:
"Mwalimu, ukithibitisha uwanja, ekari arobaini ni za serikali.
Ukikanusha, ni za akina Ogwel.
Wewe huna upande. Wewe ni mtu wa lugha."
Sikumwambia nilikooa.

Nikapima kwa miguu:
hatua mia sita na kumi na mbili,
kutoka mfereji wa Chemelil hadi reli ndogo ya miwa.
Udongo mweusi, ule unaomeza kiatu Aprili
na kupasuka Januari mpaka panya wanapotelea humo.
Nani angetua hapa, na mwezi gani?

Kwenye tuta nikaokota pete ya chuma, nzito kama kosa.
Fundi wa Muhoroni akaigeuza mara mbili.
"Ya kufungia ndege, upepo usiibebe."
Akaigeuza mara ya tatu.
"Au fahali."

Halafu daftari.
Mjukuu wa Hezroni Lumwachi, aliyekuwa mnyapara,
alilitoa ndani ya mfuko wa unga.
Mwaka umeliwa na mende.
Penseli. Kiswahili cha Mmaragoli
aliyejifunza lugha kwa kuitwa na kuamrishwa:

*Jumanne. Ndege imeshuka namba saba.
Bwana amekasirika sana. Watu ishirini na debe.*

Nililisoma nimesimama.
Miaka thelathini na minne nimelisimamia jambo hili ubaoni:
ndege ile, chombo;
ndege yule, kiumbe.
Zimeshuka, zenye rubani na petroli.
Wameshuka, kwelea, wingu zima juu ya mtama,
na watu wanapiga debe mpaka masikio yanavuma.
Silabi moja tu kati ya injini na moyo,
na Hezroni alikuwa ameiandika: *i*. *Imeshuka*.
Nikasikia ekari arobaini zikihama kichwani mwangu.

Watu ishirini, basi, ni wa kufukuza ng'ombe njiani.
Debe, basi, ni za mafuta.
Na Bwana, basi,
sijui kwa nini alikasirika.
Labda mgeni alikuja na njaa.

Ningefunga daftari pale, ningekuwa na jibu.
Nikafunua.

*Ng'ombe imezaa.*
*Mpishi imetoroka na sufuria.*
*Karani imelewa tena.*

Nikacheka peke yangu. Kalamu nyekundu
ikaniwasha mfukoni, kama zamani, saa ya kusahihisha.
Ukurasa uliofuata, penseli imekandamizwa
mpaka karatasi imetoboka:

*Mtoto yangu imekufa usiku.
Bwana amenipa siku moja.*

Nikaketi juu ya mfuko wa unga.
Nikarudi mwanzo, nikasoma yote, kidole mstari kwa mstari.
Ng'ombe, mpishi, karani, mtoto, mvua, jembe, ndege:
wote *i*.
Katika daftari zima ni Bwana peke yake
aliyepewa *a*.

Kijana akauliza, "Mwalimu, imesema nini?"
Nikamwambia babu yake alikuwa na mwandiko mzuri.
Kalamu nikaiacha mfukoni.

Miwa ya namba saba imevunwa, moto umepita.
Nimeisimama tena, kati ya majivu,
nikisikiliza kama ardhi ina kiimbo.
Kitu kikaruka nyuma yangu. Nilipogeuka kilikuwa kimeshapita.

Ripoti inatakiwa Ijumaa.
Nimeandika namba ya ramani, hatua, pete moja.
Nimeandika: *Mwaka usiojulikana,
katika shamba namba saba, ndege*
hapo nikaacha nafasi, upana wa herufi mbili,
nikamalizia: *lishuka*.